Namba ya Siri ya Kaka Sirili

Jumapili, 4 Agosti
Ukungu haujanyanyuka tangu Ijumaa. Kahawa ya chini ya migomba imeanza kuiva, nyekundu mojamoja, na mwaka huu kaka Sirili hataichuma. Kiharusi kilimpiga mwezi wa tano, siku nne baada ya kuteremka mlimani na wageni. Miaka ishirini na miwili alikuwa mwongoza watalii. Alikuwa mtu wa maneno mengi, wa vichekesho. Sasa mkono na mguu wa kulia imelala, na neno lililobaki kinywani mwake ni moja tu: "sasa". Ukimpa mtori wa ndizi, sasa. Ukimuuliza kama amelala vizuri, sasa.

Leo baada ya misa mkewe, shemeji Dominika, alinitolea kidude cheusi kilichofungwa kwenye kitambaa. Kina ukubwa wa kidole gumba, kioo kidogo na vitufe viwili. Nakifahamu. Kaka aliwahi kumbeba mgongoni mgeni mmoja Mholanzi aliyepoteza fahamu, akamshusha kutoka kilele cha Kibo. Huyo ndiye aliyemfundisha kuweka akiba kwa sarafu za mtandaoni.

"Mwalimu," shemeji alisema, "wewe unafundisha hesabu na kompyuta. Hiki kinataka namba ya siri. Nataka pesa ya mazoezi ya hospitali, mara tatu kwa wiki. Niulizie kwa wanaojua jinsi kinavyofunguliwa. Uulize tu, usikijaribu."

Nikamwambia aniachie mimi. Nafanya hivi kwa ajili ya kaka, si kwa lingine.

Jumatano, 7 Agosti
Ukungu. Kidato cha pili hawajui kutafuta eneo la duara.

Jumamosi, 10 Agosti
Nimekijaribu. Mtu mwenye shahada hawezi kushindwa na kitu cha vitufe viwili. Nilikaa barazani kwa kaka, nikaingiza mwaka wake wa kuzaliwa. Kioo kikaandika kwamba nimekosea, yamebaki majaribio mawili.

Jumapili, 11 Agosti
Usiku niliwaza hadi nikapata uhakika. Mwongoza watalii ataweka namba gani kama si urefu wa mlima? Asubuhi nikaenda tena barazani. Kaka alikuwa kwenye kiti chake, blanketi magotini. Nilipoanza kubonyeza tano, nane, tisa, akaanza kupiga mkono wa kiti kwa mkono wake mzima. "Sasa! Sasa! Sasa!" Nikamwita shemeji amwingize ndani, nikasema amechoka na baridi.

Nimekosea tena. Limebaki jaribio moja.

Shemeji alipouliza nimefikia wapi nikamwambia bado naulizia.

Alhamisi, 15 Agosti
Sikukuu ya Kupalizwa. Nilikaa benchi la nyuma kanisani ili nitoke kabla ya shemeji.

Jumamosi, 24 Agosti
Kilabuni kwa Mama Elisaria mbege, pombe yetu ya ndizi, ilikuwa nzuri, na nikaongea. Sijui nilianzia wapi. Nilisema kaka yangu alikuwa na akili kuliko wengi wanavyodhani, na kwamba ndani ya kitu kidogo kama kidole mna akiba ambayo wengine hapa hawataiona maisha yao yote. Watu walinyamaza kunisikiliza. Nilifurahi kusikilizwa, nakiri.

Kijana mmoja wa mjini, Godlove, viatu vyeupe visivyo na tope, akanifuata nje. "Mwalimu, hiyo ishu ni ndogo sana. Mimi ndiyo kazi yangu hiyo." Akanipa namba yake ya simu.

Jumapili, 1 Septemba
Ukungu umeondoka. Mlima wote ulikuwa wazi hadi saa nne.

Sikwenda misa. Nilikwenda hadi mji mdogo wa Kwa Sadala na dalali kuangalia kiwanja. Kina mawe upande mmoja, lakini kipo karibu na barabara. Nilimwambia dalali anishikie hadi Oktoba. Mke wangu anafundisha Same na hajui lolote. Niliandika tarehe 4 kwamba nafanya hivi kwa ajili ya kaka, si kwa lingine. Si kweli. Siku ile ile, nikiwa na kidude mkononi, nilikuwa nimeshaanza kuigawa akiba yake. Nilijiambia kwamba kaka hataweza kutumia kitu tena, na mimi ndiye kitinda mimba, mwenye kubaki kihambani, kwenye shamba la ukoo.

Jumamosi, 7 Septemba
Wachumaji sita kwa shemeji leo. Nilisema nina mitihani ya kusahihisha.

Jumamosi, 14 Septemba
Naandika haya mchana huu huu, kabla sijayapunguza makali.

Nilimleta Godlove kwa kaka. Shemeji alikuwa anamlisha kaka mtori barazani, ndoo za kahawa zikiwa zimejaa uani zikisubiri mashine ya kumenya. Godlove alisema shikamoo kwa kaka, hakungoja jibu, akavuta kigoda.

"Mama, namba ikikosewa wala si tatizo. Huyu mzee alipokianzisha hiki kitu kilimpa maneno ishirini na nne ya Kiingereza, akaandika mahali. Nipeni hayo maneno, nayaingiza hapa kwenye simu yangu, dakika tano pesa zinaonekana."

"Maneno gani?" shemeji aliuliza.

"Yapo kwenye karatasi. Wote huwa nayo."

"Mimi sijasoma, mwanangu. Darasa la saba. Sijui habari za maneno."

Nilimfahamu shemeji vya kutosha kujua anaficha kitu. Alikuwa anakoroga mtori uliokwisha korogwa. "Shemeji," nikasema, "kaka alikuwa mwangalifu. Hiyo karatasi ipo. Ilete."

"Sina karatasi ya kumpa huyu."

Hapo ndipo nilipomwambia. Nilisema mbele ya mgeni, kwa sauti ya darasani: "Unaficha mali ya familia hii. Wewe uliingia katika kihamba hiki na sanduku moja tu."

Shemeji alipeleka kijiko kinywani kwa kaka. Kaka aliusukuma mkono wake, kisha akalipiga bakuli kwa mkono wa kushoto, likaruka hadi chini ya ngazi, mtori ukamwagika kwenye viatu vyeupe vya Godlove. Uso wa kaka ulikuwa umewiva kwa hasira. "Sasa! Sasa!"

Nami nikainama kumfuta mgeni viatu. Nikamwambia: "Tusamehe. Ndivyo alivyo siku hizi, haelewi chochote."

Nilisema hivyo nikiwa hatua mbili kutoka kwa kaka yangu.

Jumapili, 15 Septemba
Godlove amepiga simu mara tano. Anasema nitafute karatasi nyuma ya picha za ukutani, watu wa umri wa kaka huficha huko.

Alhamisi, 19 Septemba
Nilitoka shule mapema nikashuka Moshi kwa Nurdin, fundi simu jirani na soko. Baba yake alikuwa anatengeneza redio hapo hapo, na wazee wetu walimwamini. Nilimwendea ili aniambie Godlove ni mtu wa kweli. Nilitaka kusikia hivyo.

Nilitoa kidude mfukoni. Nilipokiacha mezani kwake alirudisha mikono nyuma kama mtu aliyewekewa kaa la moto.

"Hicho sikigusi, Mwalimu. Na usikiachie fundi yeyote. Haya, nieleze."

Nikamweleza. Nilipofika kwenye habari za Godlove, Nurdin alinikatiza. "Alitaka maneno?"

"Ndiyo."

"Mlimpa?"

"Shemeji alikataa."

"Alhamdulillahi." Alikaa. "Sikiliza. Pesa haimo humu ndani. Hiki ni ufunguo. Yale maneno ndiyo yanayozaa ufunguo. Mwenye nayo atachonga mwingine hata akiwa ng'ambo, na wewe utabaki umeshika kipande cha plastiki. Hayaandikwi kwenye simu, hayapigwi picha, haambiwi mtu. Anayekuuliza maneno, hata akija na suti na kitambulisho, ni mwizi. Mimi nikikuuliza, mimi ni mwizi. Siku yakihitajika yanaingizwa kwenye kidude chenyewe kwa vitufe vyake, basi. Na namba ya siri umekosea mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Ya tatu kinajifuta. Usikiguse tena." Aliniangalia juu ya miwani. "Pole sana kwa msiba. Kaka alifariki lini?"

"Hajafariki. Yuko nyumbani. Ana kiharusi, hawezi kuongea."

Nurdin alivua miwani. "Samahani. Unavyomwongelea nilidhani marehemu. Ulimuuliza namba?"

"Hawezi kusema, nimekwambia."

"Sikuuliza kama anaweza kusema. Nimeuliza kama ulimuuliza."

Nilikifunga kidude kwenye kitambaa.

Nimerudi nikalisoma daftari hili tangu mwanzo. Alikuwa mwongoza watalii. Alikuwa mtu wa vichekesho. Alikuwa na akili. Kaka yangu anakaa hatua mia moja kutoka hapa nilipo, anakula, anasali, ananiona nikipita. Na siku ile ya urefu wa mlima, alipokuwa anapiga kiti, alikuwa ananiambia acha, si hiyo.

Ijumaa, 20 Septemba
Nimempigia dalali kumwambia kiwanja akiuze. Nimeifuta namba ya Godlove.

Jumatano, 25 Septemba
Nimekirudisha kidude. Nilimkuta shemeji anaosha kahawa, nikakiweka juu ya meza ya barazani nikasema nina haraka. Kaka alinitazama hadi nilipofika kwenye miti ya isale ya mpakani. Nilihisi macho yake mgongoni.

Jumamosi, 28 Septemba
Jua kali. Sikwenda kwa kaka.

Jumamosi, 5 Oktoba
Jua. Vichanja vya shemeji vimejaa kahawa, navipita kwa njia ya juu ili nisionekane. Mtu mzima, mwalimu, napita kwa kuinama chini ya migomba ya kaka yangu.

Jumanne, 8 Oktoba
Mawingu upande wa Kilema. Wazee wanasema vuli itawahi.

Jumapili, 13 Oktoba
Mvua ilikuja jana saa tisa alasiri bila kubisha hodi. Nilikuwa jikoni. Nilisikia shemeji akipiga kelele, "Mae! Kahawa!" na miguu yangu ikakimbia kabla sijakumbuka kwamba namkwepa.

Vichanja vinne, maturubai mawili, na upepo. Wachumaji walikuwa wameshaondoka. Tulivuta turubai yeye upande huu mimi upande ule, tukakusanya kahawa iliyobaki kwa mikono na vipande vya magunia, tukaingiza sebuleni, kwenye sakafu, juu ya makochi, hadi miguuni kwa kaka. Tulipomaliza tulikuwa tumelowa kama tuliotolewa mtoni. Shemeji alianza kucheka. Alikuwa na sababu zote za kutonitazama, na alikuwa anacheka, maji yakimchuruzika puani.

Kicheko kile kilinishinda. Nikamwambia palepale mlangoni. Kwamba nilikijaribu mara mbili. Kwamba nilitangaza kilabuni. Kwamba Godlove ni mwizi.

"Najua," alisema.

"Unajua lipi?"

"Kwamba ni mwizi. Sirili aliniambia siku alipokileta kidude hiki: atakayekuuliza maneno, hata akiwa padri, ni mwizi." Alikamua kanga yake. "Karatasi ipo, Mwalimu. Iko Kilema kwa dada yangu mtawa, imefungwa ndani ya bahasha, naye hajui ni nini. Sirili aliniambia nitaitoa siku nikimzika. Kwa hiyo sikuitoa. Sijamzika."

Miezi miwili nilimwona ni mwanamke wa darasa la saba anayekoroga mtori. Yeye ndiye aliyesimama mlangoni peke yake, mimi nikiwa upande wa pili nausukuma mlango pamoja na mwizi.

"Nisamehe, shemeji. Na lile neno la sanduku."

"Lile la sanduku utaniomba siku nyingine, bado linauma. Hayo mengine usiniambie mimi." Akageuza kidevu kuelekea kwa kaka. "Mwenyewe si yule pale?"

Nilipiga magoti kwenye kahawa mbichi. Nilianza kwa "Shikamoo, kaka," nikatambua kwamba tangu mwezi wa tano nilikuwa sijamwamkia. Nilimsalimia shemeji, nilimwuliza shemeji hali ya mgonjwa, kisha nikaondoka. Nikamwambia yote. Nilipofika kwenye kiwanja cha Kwa Sadala, jambo ambalo shemeji mwenyewe alikuwa halijui, nilisikia nyuma yangu ameacha kukamua nguo.

Kaka alinisikiliza hadi mwisho. Macho yake hayakuwa ya mgonjwa. Yalikuwa yale yale yaliyonitazama nikiwa na miaka tisa, nilipovunja taa ya baba nikamsingizia paka. Kisha akageuza uso ukutani, akabaki hivyo.

Nimeandika hadi mkono unauma. Mvua bado.

Jumatatu, 14 Oktoba
Nilikwenda kumwamkia asubuhi na mapema. Hakugeuka.

Alhamisi, 17 Oktoba
Nilikwenda. Hakugeuka. Shemeji alinipa chai.

Jumapili, 20 Oktoba
Leo alinitazama. Si kwa upole, lakini alinitazama.

Shemeji alikuwa amekiweka kidude mezani. "Nimemuuliza kama anataka kifunguliwe," alisema, "akaitikia kwa kichwa. Nimemuuliza kama namba anaikumbuka, akaitikia."

"Ataisemaje?"

"Mwalimu, wewe kweli husikii. Tangu Septemba kaka yako anahesabu madebe ya kahawa yakiingia uani. Nikimwanzia moja, anaendelea mwenyewe, mbili, tatu, nne, hadi nimwambie basi. Salamu Maria anaimaliza yote. Kinachomshinda ni neno likiwa peke yake. Pamela, dada wa mazoezi aliyemhudumia alipokuwa amelazwa hospitali, ndiye aliyenionyesha: neno likiwa ndani ya foleni linatoka. Kwa hiyo tutahesabu. Kwa kila tarakimu nitaanza moja, naye atahesabu hadi aifikie, akome."

Nikavuta kiti. Nilitaka kuona. Nilikuwa tayari hata kushika kalamu.

Kaka aliinua mkono wa kushoto. Aliunyoosha polepole, kidole kikiwa kimesimama, akanionyesha mlango.

Shemeji aliangalia chini. "Namba ni yake," alisema taratibu.

Nikatoka. Nilisimama chini ya upenu, na kupitia ubao wa dirisha nikamsikia shemeji akisema, "Moja," na baada yake sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu mwezi wa tano. Nzito, ya kukwaruza kidogo, sauti ya kaka yangu akisema maneno kama watu wengine. Mbili. Tatu. Machozi yalinitoka. Nilitamani nibaki nimsikilize hata kama angehesabu hadi mia.

Lakini nikibaki nitasikia anapokoma.

Nikateremka. Nilipita kahawa, nikapita zizi la ng'ombe, nikashuka hadi kwenye mfereji unaotenganisha shamba letu na la jirani yetu Primus. Mvua za juzi zilikuwa zimeujaza, maji yanaunguruma, wala huwezi kusikia hata mtu akikuita kwa karibu. Nilisimama hapo miguu ndani ya tope. Mara mbili niliangalia juu nyumbani. Mara mbili nikageuka tena.

Sijui ulipita muda gani. Shemeji alikuja mwenyewe, kanga kichwani, akanigusa bega.

"Kimefunguka," alisema. "Twende ukanywe chai."

Hakusema mna nini ndani, nami sikuuliza.

Jumamosi, 26 Oktoba
Niliazima gari la Thadeus wa dukani nikawapeleka kaka na shemeji mjini. Haya alinisimulia shemeji tulipokuwa tunarudi: Nurdin alifunga mlango wa duka, akageuza kiti chake akakaa amewapa mgongo, na kutoka hapo akamwelekeza shemeji kwa mdomo tu. Kwanza apeleke kiasi kidogo sana, asubiri kifike. Kisha alinganishe anwani ya kupeleka, ile iliyo kwenye simu na ile iliyo kwenye kioo cha kidude, herufi kwa herufi. Zikitofautiana aamini kioo cha kidude na asimame. Shemeji alikuwa anasoma herufi kwa sauti ya shuleni, na kaka anafuata kwa kidole cha kushoto. Alimsimamisha mara moja, aliporuka herufi. Mimi nilikuwa nje nalinda gari, ingawa hakuna aliyelihitaji.

Jumatatu, 4 Novemba
Mazoezi yameanza: Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Mkuu wa shule ameniruhusu kuhamisha vipindi vya mchana. Napeleka, nasubiri, narudisha. Njiani kaka anatazama nje upande wake.

Ijumaa, 15 Novemba
Kilabuni wameniuliza zilitoka pesa ngapi. Nikawaambia sijui. Walicheka, wakadhani nimekuwa mjanja.

Jumamosi, 23 Novemba
Kahawa ya mwisho. Nilichuma tangu asubuhi, nikiwa na shemeji mti mmoja hadi mwingine. Jioni, wakati tunafunga gunia, nilimwomba radhi ya sanduku. Alifikiri kidogo. "Lilikuwa la bati," alisema, "na lilikuwa na kufuli zuri." Kisha akanipa kamba nishike.

Jumapili, 1 Desemba
Tangu augue, ndevu za kaka hunyolewa na shemeji peke yake. Mara mbili mwezi uliopita nilijitolea, akakifunika kidevu kwa mkono wake mzima hadi nikaondoka.

Leo shemeji alikuwa amekwenda Kilema kwa dada yake. Nilichemsha maji, nikaleta sabuni, nikaweka wembe mpya kwenye kishikio, nikavipanga vyote mezani mbele yake, kisha nikamuuliza kama nimnyoe. Nikangoja. Alitazama wembe, akanitazama mimi kwa muda mrefu.

Kisha akaegemea nyuma, akafumba macho, akainua kidevu mwenyewe.